Wahesabu ndege wa Jumatano na habari zao kwa mchuuzi wa mpakani

Kila Jumatano, saa tatu kasoro robo asubuhi, watu hukusanyika mbele ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Kuna wastaafu, wanafunzi, waongoza watalii wasio na wageni wiki hiyo, na mara kwa mara mgeni aliyeletwa na rafiki. Wengine wana darubini shingoni, wengine wamekuja mikono mitupu. Mwenye gari huulizwa ana nafasi ngapi, wasio na gari hugawanywa humo, kisha safari huanza kuelekea mahali palipokubaliwa papo hapo. Siku hii ni bustani ya miti ya Arboretum, siku nyingine City Park, siku nyingine ni kwenye mabwawa ya maji taka ya Dandora, ambako bata na korongo ni wengi kuliko harufu inavyomtia mtu moyo wa kwenda. Kufikia saa saba mchana wamekwisharudi.

Matembezi hayo ya wanachama wa Nature Kenya yapo tangu mwaka 1971. Aliyeyaongoza kwa miongo mingi ni Fleur Ng'weno, mwandishi aliyewahi kuhariri jarida la watoto lililoitwa Rainbow. Waongoza watalii kadhaa ambao leo wanajulikana Kenya kwa kuwajua ndege walianza kwa kufuata msafara huo wa Jumatano, kwa ada ndogo na viatu vya kawaida.

Kwa mfanyabiashara ambaye lori lake limekaa kwenye foleni ya Malaba tangu jana, habari za watu wanaokwenda msituni kutazama ndege zaweza kusikika kama habari za watu walioshiba. Lakini kazi wanayoifanya ni ile ile anayoifanya yeye jioni akifunga duka: wanahesabu, wanaandika, wanajumlisha. Na daftari lao limegusa mambo yanayofika hadi kwenye meza yake sokoni, kuanzia mkeka wa mafunjo hadi nyama ya ndege.

Jumuiya ilivunjika, daftari likaendelea

Chama chenyewe kina umri mkubwa. Kilianzishwa Nairobi mwaka 1909 na Wazungu waliopenda kukusanya wadudu, mimea na ndege, kikiitwa kwa majina ya Afrika Mashariki na Uganda, na makumbusho ya kwanza ya Nairobi yalitokana nacho. Baadaye jina likawa East Africa Natural History Society, na hadi leo hilo ndilo jina la kisheria la Nature Kenya. NatureUganda ya Kampala nayo ilianza kama tawi la chama hicho hicho. Tanzania kuna Nature Tanzania, na Burundi kuna ABN. Ni vyama vinavyojitegemea, lakini huulizana habari.

Wasomaji wenye umri wanakumbuka mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na waliokuwa wakipitisha mali Namanga na Holili wakajikuta hawana njia halali hadi makubaliano ya mwishoni mwa 1983. Mwaka huo huo wa 1977 ndipo kamati ya ndege ya chama hicho ilipotoa toleo la kwanza la jarida lake, Scopus, likichapisha habari za ndege za Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Reli iligawanywa, ndege za abiria zikagawanywa, posta ikagawanywa. Orodha ya ndege haikugawanywa. Hata leo, mtu akidai kuona ndege asiyewahi kuonekana katika eneo hili, maelezo yake hupelekwa kwa kamati moja ya ndege adimu inayohudumia Afrika Mashariki.

Kitabu cha mfukoni ambacho wengi hubeba katika matembezi, cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilitoka mwaka 2002. Ndani yake kuna spishi 1,388 za nchi tano: Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya mwaka 2007. Kwa hiyo waandishi wa kitabu cha ndege waliwatangulia wanasiasa kwa miaka mitano, ingawa hakuna aliyewapigia makofi.

Asubuhi ya matembezi

Anayekuja kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi watu hao wanavyotembea polepole. Nusu saa inaweza kupita na kundi halijaondoka kwenye mti mmoja wenye maua, kwa sababu chozi wanne wa aina tofauti wanafyonza humo na kila mtu anataka kuwaona wote. Kelele haziruhusiwi, nguo za rangi kali hazipendelewi, na simu huwekwa kimya. Mwenye darubini humwachia jirani yake asiye nayo.

Nusu ya kazi ni ya masikio. Mwongozaji husimama, huinua kidole, na kundi zima hunyamaza. Kurumbiza huimba ndani ya kichaka bila kujionyesha, shore hupiga kelele juu ya ua, na kwarara hupita angani akilia kama mtu aliyeibiwa. Mwanachama wa miaka mingi huandika ndege kumi na watano kabla ya kuinua darubini. Mgeni hujifunza kwanza wale watatu au wanne wanaokaa nyumbani kwake, na mara nyingi hapo ndipo anapogundua kwamba “yule ndege mdogo” wa uani kwake ni aina tatu.

Kuonyeshana ndege aliyejificha ndani ya majani kuna lugha yake. Mti huchukuliwa kuwa uso wa saa: kileleni ni kumi na mbili, chini ni sita, kulia ni tatu. Hapo Mswahili hana budi kuwa mwangalifu. Akiambiwa ndege yuko “saa tatu” na akaufikiria mshale wa saa yake ya mkononi inapokuwa saa tatu asubuhi, atatazama kushoto, kwenye tisa, na ndege atakuwa ameruka. Makundi mengi yameona ni rahisi kusema “tawi la kulia, chini ya kiota.”

Mwisho wa matembezi orodha husomwa kwa sauti, jina kwa jina, na waliomwona ndege huitikia. Asiye na uhakika hunyamaza. Ndege aliyeonekana mgongo tu akitokomea haandikwi, hata aliyemwona akiwa na cheo gani. Wafanyabiashara wataelewa: daftari lenye deni la kukisia halina faida kwa mtu.

Siku hizi orodha nyingi haziishii kwenye karatasi. Mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ulioanza mwaka 2013, umeigawa nchi katika vyumba vidogo vya takribani kilomita 9 kwa 9. Yeyote aliyejiandikisha hutumia programu ya simu iitwayo BirdLasser, hutembea katika chumba kimoja kwa saa mbili au zaidi, na kuandika kila ndege kwa mpangilio aliomkuta. Vyumba hivyo hupimwa kwa nyuzi za ramani ya dunia, kwa hiyo mstari wa mpaka hukata katikati ya baadhi yao bila kuvibadilisha.

Daftari lilivyotoa hasara

Faida ya kuandika kwa miaka mingi huonekana mtu anapofungua kurasa za zamani. Kati ya mwaka 1970 na 1977 watafiti waliendesha gari katika barabara za Kenya wakihesabu tai, mwewe, vipanga na tumbusi. Hesabu kama hiyo ilirudiwa kati ya 2003 na 2020. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: katika spishi 22 zilizolinganishwa, 19 zilikuwa zimepungua, na kwa tumbusi na tai wakubwa upungufu ulikuwa mkubwa mno, wengi wao wakipotea kwa zaidi ya theluthi mbili.

Madereva wa masafa marefu wenye umri wa miaka sitini hawahitaji jedwali kuliamini hilo. Ng'ombe aliyegongwa barabarani zamani alizungukwa na tumbusi kabla ya mchana. Sasa mzoga hukaa na kunuka, na mbwa ndio wanaoula. Sababu kubwa inayotajwa na watafiti ni sumu. Mfugaji aliyeliwa ndama na simba au fisi huutia mzoga dawa ya wadudu, na tumbusi mia hufa kabla ya fisi mmoja.

Habari inayomhusu mchuuzi wa Busia iko karibu zaidi. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, kaunti ya Busia, karibu na mahali mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria, watafiti wa ndege waliandika kuanzia mwaka 2009 jinsi wawindaji walivyotumia dawa ya kuua wadudu ya karbofurani, inayojulikana kwa jina la dukani la Furadan, kuua ndege wa kuuza. Konokono walitiwa sumu na kuwekwa majini. Korongo weusi wenye mdomo usiofumba, ambao chakula chao ni konokono, wakaja na kula. Bata na njiwa walitegewa kwa punje za mpunga. Ndege hao walikusanywa, wakanyonyolewa, wakauzwa kama kitoweo.

Walionunua hawakuambiwa chochote. Karbofurani hushambulia neva, za ndege na za binadamu vilevile, na kuchoma nyama motoni hakumpi mlaji dhamana yoyote. Mwaka huo huo wa 2009 kampuni inayoitengeneza iliacha kuiuza Kenya na kuinunua tena iliyobaki madukani, baada ya kelele kuhusu simba waliouawa kwa dawa hiyo. Lakini biashara ya dawa za kilimo haiishi kwa kufungwa upande mmoja wa mpaka. Kila anayefanya kazi Busia anajua kwamba bidhaa iliyopigwa marufuku huku na kuruhusiwa kule hupata baiskeli ya kuivusha. Mwenye kibanda cha nyama anayeletewa korongo au bata wa porini kwa bei ya kutupa, wote wakiwa hawana jeraha la mtego wala la risasi, ana haki ya kuuliza wamekufaje.

Mafunjo ya mikeka na ndege wake

Kilomita chache kutoka hapo kuna jambo lingine. Mto Sio, ambao kwa sehemu ndio mpaka wa Kenya na Uganda, unaishia katika kinamasi cha Sio Port. Humo mna ndege ambaye watazamaji hutoka mbali kumtafuta: mweusi mgongoni, mwekundu wa damu kifuani na tumboni, utosi wake wa manjano. Makao yake ni mafunjo. Mafunjo yakifyekwa yote, hahamii kwenye mtama wala kwenye miti ya barabarani, hutoweka. Anapatikana kuzunguka Ziwa Victoria na katika vinamasi vya mafunjo vya Uganda, Rwanda na Burundi, na popote alipo shida yake ni moja.

Wanawake wanaosuka mikeka na vikapu pande zote mbili za mpaka wanategemea mafunjo hayo hayo. Wavuvi wanayategemea pia, kwa kuwa samaki wadogo hukulia kwenye mizizi yake. Mkataji anayechukua mabua yaliyokomaa na kuacha mengine yachipue hamwumizi ndege huyo sana. Anayemwumiza ni yule anayechoma kinamasi, anachimba mtaro na kupanda mboga hadi maji yanapoanzia. Katika kinamasi cha Yala, kusini kidogo ya hapo, eneo kubwa la mafunjo liligeuzwa shamba. Serikali za Kenya na Uganda, kupitia mpango wa nchi za bonde la mto Nile, zimeandaa mpango wa pamoja wa kutunza vinamasi vya Sio na Siteko. Kwenye karatasi umepangika vizuri. Kama kinamasi kinapungua au la, hilo hujulikana kwa mtu kwenda kusimama pale alfajiri, mwaka hadi mwaka, na kumsikiliza yule ndege mwekundu.

Mpaka mwingine wa aina hiyo uko Mutukula. Upande wa Tanzania kuna msitu wa Minziro, Kagera. Upande wa Uganda kuna misitu na nyika za Sango Bay. Ni msitu mmoja wenye majina mawili. Minziro ina ndege wa misitu ya Kongo wasiopatikana kwingine popote Tanzania, na nyika zilizo kando yake hupokea mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini, anayezaa Afrika Kusini, Zimbabwe, Malawi na nyanda za juu za kusini mwa Tanzania kisha kuja ukanda wa Ziwa Victoria kukwepa baridi. Anayepita Mutukula na mzigo wa mchele kati ya Aprili na Agosti huenda amewahi kupita chini yao.

Namanga nako hesabu imefungamana. Flamingo wadogo wanaoijaza Bogoria na kuwaletea Wakenya watalii, karibu wote huanguliwa Ziwa Natron, Tanzania. Ziwa la Kenya lina mapato. Kitalu kiko kwa jirani.

Kamongo, mtumbwi na noti

Uganda wanao mfano unaotajwa sana wa matembezi kugeuka riziki. Ghuba ya Mabamba, magharibi ya Entebbe, ni kinamasi cha korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Zamani wavuvi walimwona kuwa mkosi: ukikutana naye asubuhi, nyavu zitarudi tupu. Wengi wao waliuawa. Ukweli ni kwamba yeye na mvuvi walikuwa wakigombea kitoweo kimoja, kamongo. Leo watu wa ghuba hiyo, baadhi yao waliokuwa wavuvi, hupeleka wageni kwa mitumbwi kumtafuta, na safari moja huweza kulipa kuliko asubuhi nzima ya kuvua. Mabamba na ghuba ya Lutembe, iliyoko kati ya Kampala na Entebbe, ziliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu zenye umuhimu. Wapo hata waongozaji wanawake walioungana kwa jina la Uganda Women Birders, kwa sababu kazi hiyo kwa muda mrefu ilikuwa ya wanaume.

Haifai kuisifu biashara hiyo kupita kiasi. Mgeni wa ndege huja kwa msimu, na ugonjwa mmoja ukitangazwa kwenye redio za Ulaya mitumbwi hukaa gatini. Lakini fedha yake hubaki kijijini kuliko ya mtalii wa hoteli kubwa, maana anataka mtumbwi, mwongozaji, chai ya alfajiri na mahali pa kulala karibu na maji.

Iko biashara nyingine ya ndege ambayo mfanyabiashara anapaswa kuikwepa. Kasuku wa kijivu kutoka Kongo wamekuwa wakipitishwa katika mipaka ya magharibi mwa Uganda wakiwa wamefichwa ndani ya masanduku. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliotolewa porini imefungwa chini ya mkataba wa CITES. Kongo kuingia katika Jumuiya mwaka 2022 hakukubadilisha hilo; mkataba wa forodha hauufuti mkataba wa wanyama. Korongo taji, aliyepo kwenye bendera ya Uganda, naye amewekwa katika kundi la spishi zilizo hatarini kutoweka tangu 2012, na mmoja wa maadui zake ni mtu anayechukua makinda kuyauza kama mapambo ya ua.

Msimu wa kuanza

Anayetaka kujaribu hahitaji kuwa na darubini. Ofisi za vyama hivyo hupokea wanachama wapya na wageni wa siku moja. Kwa anayepita Nairobi na ana asubuhi tupu wakati mzigo unakaguliwa, Jumatano ya makumbusho ndiyo rahisi zaidi. Angalizo moja kwa wanaoishi mipakani: darubini haielekezwi kamwe kwenye yadi ya forodha, kambi wala daraja. Askari hatasubiri kuambiwa kuhusu chozi.

Ndege wa kaskazini huanza kuingia Septemba na huondoka kufikia Aprili. Mwezi Novemba na Desemba watu wa kujitolea hukusanyika Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, ambako usiku wa ukungu usio na mbalamwezi ndege wasafiri huvutwa na taa za hoteli. Hunaswa kwa nyavu laini, huvishwa pete yenye namba mguuni na kuachiwa. Kazi hiyo imefanyika huko tangu 1969, na pete za Ngulia zimeokotwa Mashariki ya Kati na Asia.

Januari ndiyo ya hesabu kubwa ya ndege wa majini, inayofanywa katika nchi nyingi za Afrika kwa kipindi kimoja. Huhitaji watu wengi, na kila timu huwa na mmoja wa kutazama na mmoja wa kuandika. Mgeni hupewa kalamu kwanza. Baada ya siku moja au mbili hufundishwa kuhesabu kundi kubwa: huhesabu kumi kwa uangalifu, hutazama wamechukua nafasi kiasi gani majini, kisha huipima nafasi hiyo juu ya kundi zima, kumi baada ya kumi, mia baada ya mia, kabla halijaruka. Aliyezoea kukadiria magunia ya mahindi juu ya lori kwa kulitazama mara moja kutoka ubavuni huiweza kazi hiyo haraka kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu.